Bidhaa za China sokoni Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayenunua Kariakoo na Gerezani, na kwa mfanyabiashara anayeagiza mzigo Guangzhou au Yiwu. Majibu ni marefu zaidi pale ambapo watu hupoteza fedha nyingi au nyumba inaweza kuungua.

Sifa mbaya ya bidhaa za China ilianzia wapi?

Haikuwepo tangu mwanzo. Waliokuwa watu wazima miaka ya 1970 wanaijua China kwa reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, kwa kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo, kwa baiskeli ya Phoenix iliyobeba magunia ya mkaa, na kwa cherehani ya Butterfly ambayo mafundi nguo wengi bado wanaitumia. Vilikuwa vitu vichache, vizito, na spea zake zilipatikana.

Sifa iliharibika baadaye. Biashara ilifunguliwa zama za Mzee Ruksa, halafu China ikaingia Shirika la Biashara Duniani Desemba 2001, na makontena yakaanza kumiminika. Mnunuzi wetu alikuwa na fedha kidogo. Mwagizaji alijua kwamba anayeleta bei ya chini ndiye anayeuza, na kiwanda kilitengeneza kile kilichoagizwa. Tukaletewa redio za mwezi mmoja, taa za wiki mbili na viatu vinavyobanduka soli mvua ikinyesha. China yenyewe nayo ilikuwa na kashfa kubwa: mwaka 2007 mamilioni ya vitu vya kuchezea watoto yalirudishwa kiwandani, mengine kwa sababu ya rangi yenye madini ya risasi, na 2008 maziwa ya unga yaliyochanganywa na melamini yaliua watoto sita na kuwaugulisha wengine wanaokaribia 300,000. Kwa hiyo watu hawakuzusha. Sehemu kubwa ya sifa hiyo ilistahili kwa wakati wake.

Je, ubora umepanda kweli, au sisi ndio tumezoea?

Umepanda, tena katika bidhaa nyingi umepanda sana. Angalia stendi ya Magufuli pale Mbezi: mabasi ya mikoani yaliyokuwa Scania za kuungwa bodi hapa nchini sasa kwa sehemu kubwa ni Yutong, Zhongtong na Higer. Mwenye basi hanunui kwa sifa. Ananunua kwa hesabu ya kilomita, mafuta na siku gari linazolala gereji. Mwendokasi ilipoanza Mei 2016, mabasi yake yalikuwa Golden Dragon kutoka Xiamen. Kwenye mchanga na kokoto, tipa za Howo zimejaa kila machimbo.

Kwenye simu, kampuni ya Transsion yenye makao Shenzhen, inayotengeneza Tecno, itel na Infinix, ilifanya jambo ambalo wakubwa wa Ulaya na Asia walilipuuza: ilitengeneza simu kwa ajili ya soko la Afrika. Iliweka laini mbili, betri kubwa, na kamera iliyorekebishwa ili sura nyeusi isipotee gizani. Kwenye sola, zaidi ya asilimia 80 ya uzalishaji wa paneli duniani, hatua kwa hatua, uko China. Anayekuambia paneli yake "si ya China" mwombe akuonyeshe bamba la nyuma. Na iPhone ambazo watu hushindania hapa mjini, nyingi zimeunganishwa Zhengzhou.

Mabadiliko hayo yana historia. Mwaka 1985, katika kiwanda cha friji cha Qingdao kilichokuja kuwa Haier, mkurugenzi Zhang Ruimin aliamuru friji 76 zenye kasoro zivunjwe kwa nyundo mbele ya wafanyakazi, wakati friji ilikuwa kitu adimu nchini humo. Mishahara ilipopanda, viwanda vingi havikuweza tena kuishi kwa faida ya senti. Ilibidi vitengeneze kitu chenye jina. Mpango wa serikali yao uitwao Made in China 2025, uliotangazwa 2015, ulisukuma upande huohuo. Si jambo geni duniani. Mwaka 1887 Uingereza ilipitisha sheria iliyolazimisha bidhaa za Ujerumani zionyeshe zilikotoka ili mnunuzi ajihadhari nazo, na bidhaa za Japani miaka ya 1950 zilidharauliwa vilevile.

Ila kuna kosa jipya. Mtu aliyeona Yutong nzuri anadhani kila kitu cha China sasa ni kizuri, anakwenda kununua ekstensheni iliyopangwa chini barabarani. Ubora umepanda juu, lakini chini hakujafungwa. Viwanda vya bei ya kutupa bado vipo na bado vinapokea oda.

Kwa nini vitu viwili vya China, sura ileile, kimoja kinadumu miaka na kingine siku chache?

Kwa sababu nchi haina ubora. Oda ndiyo yenye ubora. Kiwanda kinaweza kutumia umbo lilelile la plastiki na kutoa bidhaa tatu za bei tatu, na kwa macho huoni tofauti.

Chukua ekstensheni ya matundu manne. Plagi ya pini tatu za mraba tunayotumia hapa inabeba ampea 13, na kwa volti 230 hiyo ni karibu wati 3,000. Ili ibebe mzigo huo bila kupata moto, waya unatakiwa uwe wa shaba, wa milimita za mraba 1.25 au 1.5, vibamba vya ndani viwe vya brasi yenye mkazo, na ndani ya plagi kuwe na fyuzi ya kweli. Sasa mwagizaji anasema bei hii ni kubwa, ishushe. Kiwanda kinashusha waya hadi 0.5. Anasema bado. Shaba inakuwa aluminiamu iliyopakwa shaba. Bado. Brasi inakuwa bati la chuma lililopakwa rangi ya dhahabu. Bado. Fyuzi inatolewa, kinawekwa kipande cha waya. Boksi halibadiliki, na maandishi ya "13A 250V" yanabaki palepale. Ukichomeka jagi la umeme la wati 2,000, waya unalainika, plastiki inanuka, na soketi inayeyuka.

Namna ya kuikagua dukani: nenda na sumaku ndogo. Ikinasa kwenye pini za plagi, hizo si brasi, acha. Angalia pini ya juu, ile ndefu ya ethi: haitakiwi kuwa na plastiki nyeusi inayoifunika nusu. Plastiki hiyo ni ya pini mbili za chini tu. Ukiiona kwenye ethi, aliyetengeneza hakufuata kiwango na pengine hata ethi yenyewe haijaunganishwa. Soma maandishi yaliyochapwa kwenye waya wenyewe, si kwenye boksi: "3×1.25" au "3×1.5" inafaa, "3×0.75" ni ya taa, tivii na chaja, waya usio na maandishi yoyote urudishe.

Feki, kopi na kitu hafifu vinatofautianaje?

Tofauti hii inakusaidia ukienda kulalamika. Bidhaa bandia ni ile inayotumia jina au nembo ya mtu mwingine bila ruhusa. Hiyo ni kazi ya Tume ya Ushindani, FCC. Bidhaa hafifu inaweza kuwa na jina lake halali kabisa, ila haifikii kiwango. Hiyo ni ya Shirika la Viwango, TBS. Kitu kinaweza kuwa bandia na bado kikafanya kazi, na kinaweza kuwa oginali na bado kikawa hafifu. Muuzaji anapokuambia "hii ni kopi, gredi A", maana yake amekiri kwamba ni bandia. Gredi hiyo haina mtu anayeipima.

Nyaya za umeme za nyumba nitazitambuaje?

Hapa usibane matumizi. Tatizo kubwa ni waya wa aluminiamu uliopakwa shaba kwa nje. Aluminiamu inapitisha umeme kwa shida zaidi ya shaba, kwa hiyo waya wa unene uleule unapata moto zaidi. Mbaya zaidi ni kwenye skrubu za soketi: aluminiamu inasinyaa na kutanuka, inaota kutu nyeupe, kiungo kinalegea, na moto unaanzia hapo miezi mingi baada ya fundi kuondoka.

Kwanza, kwangua kwa kisu. Shaba ni nyekundu hadi ndani. Ukiona weupe, ni aluminiamu. Pili, ichome ncha ya uzi mmoja mwembamba kwa kiberiti cha gesi: aluminiamu inayeyuka nyuzi 660 na uzi unakatika upesi, shaba inahitaji 1,085 na itageuka rangi tu. Tatu, pima uzito. Roli ya mita 100 ya waya mmoja wa milimita za mraba 2.5 ina shaba ya kilo 2.2 kabla hujahesabu plastiki, kwa hiyo roli nzima ipite kilo mbili na nusu bila wasiwasi. Ikiwa kilo moja na nusu, hapo kuna aluminiamu, au waya ni mwembamba, au roli haifiki mita 100.

Fundi mwenye mita afanye kipimo cha nne, ambacho hakidanganywi kwa rangi. Apime ukinzani wa roli nzima kutoka ncha hadi ncha, akiwa ametoa ukinzani wa nyaya za mita yenyewe kwa kuzigusanisha kwanza. Roli ya mita 100 ya shaba ya 2.5 isizidi omu 0.74, ya 1.5 isizidi omu 1.21. Waya uliochakachuliwa unasoma kuanzia mara moja na nusu ya hapo. Ikisoma chini sana ya hapo nayo usifurahi: huenda mita 100 zimekuwa 80, na uzito utakuthibitishia.

Alama za CE, CCC, ISO na TBS zina maana gani?

CE ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kwamba bidhaa inafuata sheria za Umoja wa Ulaya. Kwa bidhaa nyingi hakuna mtu wa nje aliyeipima. Yale maneno ya mtaani kwamba ziko CE mbili, moja ya Ulaya na moja ya "China Export", si kweli. Hakuna alama rasmi ya namna hiyo. Kilichopo ni CE iliyobandikwa bila haki. Zile herufi zikibanana sana, ni dalili kwamba aliyechapa hakujali vipimo vya alama, lakini zikikaa sawasawa bado hujathibitisha kitu.

CCC ni cheti cha lazima cha soko la ndani la China. Tunaithamini zaidi ya CE kwenye vitu vidogo vya umeme, kwa sababu tangu Juni 28, 2025 hata abiria wa ndege za ndani kule hawaruhusiwi kupanda na pawabenki isiyo na alama hiyo. ISO 9001 inahusu utaratibu wa kiwanda, haisemi lolote kuhusu kitu ulichoshika mkononi.

Alama ya ubora ya TBS hutolewa kwa bidhaa mahususi ya mzalishaji mahususi, nayo huja na namba ya leseni. Kwa bidhaa za kutoka nje kuna utaratibu wa kukagua ubora kabla ya mzigo kusafirishwa, ulioanza 2012. Mzigo uliopita hupewa cheti cha ulinganifu. Kama unanunua kwa jumla, mwombe mwagizaji akuonyeshe cheti hicho na ulinganishe jina la bidhaa, modeli na idadi.

Simu mpya ya boksi nitaihakikije?

Bonyeza *#06#. Itatokea namba ya IMEI, yaani kitambulisho cha simu, yenye tarakimu 15. Simu ya laini mbili inatoa mbili. Itume kwa ujumbe kwenda 15090 na usome jibu: jina na modeli vinavyorudi vilingane na simu uliyoshika. Wengi wanaona jibu limekuja wanaridhika, kumbe limetaja modeli nyingine kabisa, ishara kwamba namba imenakiliwa. Kisha linganisha IMEI ya kwenye kioo, ya kwenye boksi na ya kwenye mipangilio ya simu. Zote ziwe moja. Ni utaratibu uleule wa tangu Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilipozima simu bandia Juni 16, 2016.

Kwa Tecno, itel na Infinix, ingiza IMEI kwenye programu ya Carlcare uone waranti. Fanya hivyo ukiwa bado mtaa wa Aggrey, kabla hujatoa fedha.

Flashi ya TB 2 kwa bei ya soda, pawabenki ya mAh 50,000: vinawezekana?

Haviwezekani. Flashi hizo zina kifaa kidogo ndani, pengine GB 8 au 16, kilichobadilishwa programu ili kompyuta ione TB 2. Kikijaa, faili mpya zinaandikwa juu ya za zamani na picha za harusi zinapotea. Dawa ni kuijaza yote na kuisoma tena kwa programu ya H2testw, au F3 kwa watumiaji wa Linux na Mac. Kunakili faili mbili tatu hakuthibitishi kitu.

Pawabenki ipime kwa mzani. Betri ya duara ya 18650, ile iliyomo pia kwenye tochi, ina uzito wa karibu gramu 45 hadi 50 na kwa kawaida haizidi mAh 3,500. Ile iliyoandikwa 9,900 ni uongo mtupu. Pawabenki ya kweli ya mAh 20,000 huwa na gramu kati ya 350 na 450. Kisha jua kwamba mAh hizo ni za volti 3.7 za betri. Ikitoka kwa volti 5, ukitoa na upotevu, unapata kama 12,500. Makampuni ya kweli huandika namba hii pia, kwa maandishi madogo. Mahali isipoandikwa, kuwa na shaka.

Paneli na betri za sola je?

Udanganyifu mkubwa ni wa wati. Jua kali la mchana linatoa karibu wati 1,000 kwa mita ya mraba, na paneli nzuri za leo zinageuza asilimia 20 hadi 22 kuwa umeme. Kwa hiyo mita moja ya mraba inakupa wati 200 na kidogo. Nenda na futi kamba. Paneli iliyoandikwa wati 300 inatakiwa iwe na eneo la karibu mita za mraba 1.4 au zaidi. Ikiwa na urefu wa mita moja na upana wa sentimita 67, hiyo ni wati 140, hata bamba liandikwe nini.

Soma bamba la nyuma. Zidisha Vmp (volti za kazi) kwa Imp (ampea za kazi), jibu lilingane na wati zilizoandikwa. Wanaochapa mabamba ya uongo mara nyingi hubadilisha wati na kusahau ampea. Juani saa sita mchana fundi anaweza kupima ampea za mkato, Isc, lakini atumie mita ya kubana inayosoma mkondo mnyoofu (DC). Mita ya kawaida ina kikomo cha ampea 10, na paneli kubwa za wati 450 hupita hapo. Fyuzi ya mita itakatika.

Betri: ya risasi ya 12V 100Ah yenye kilo 17 ni ndogo kuliko inavyosema, kwani ya kweli huwa na kilo 27 hadi 30. Ya lithiamu ya aina ya LiFePO4 ya ukubwa huo huwa na kilo 10 hadi 13, seli nne za volti 3.2, na inavumilia kuchajiwa na kutumiwa mara 2,000 au zaidi, wakati ya risasi mara nyingi huishia 300 hadi 500 hata ukiitumia nusu tu. Kwa nyumba inayokaa bila TANESCO, lithiamu ndiyo rahisi mwisho wa hesabu. Hapa China imetusaidia kweli.

Nitajuaje kifaa kinakula wati kilizoandikiwa?

Mita yako ya LUKU ni kipimo tosha. Ina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na pembeni pameandikwa 1000 imp/kWh, au 1600, au namba nyingine. Zima kila kitu, hakikisha taa imetulia. Washa kifaa kimoja na uhesabu mipepeso kwa dakika moja. Zidisha hesabu yako kwa 60,000, gawanya kwa ile namba ya mita. Jibu ni wati. Jagi la wati 1,500 kwenye mita ya 1000 litapepesa mara 25, kwenye ya 1600 mara 40. Kwa taa ndogo hesabu kwa dakika kumi. Utagundua taa nyingi za "wati 20" zinakula 7, na ndiyo maana chumba hakiangazi.

Bora used ya Ulaya au mpya ya China?

Kwa friji, tunashauri mpya, na sababu haijulikani na wengi. Kwenye bamba la friji kuna herufi za daraja la hali ya hewa. SN na N zimetengenezwa kufanya kazi hadi joto la nyuzi 32, ST hadi 38, T hadi 43. Friji nyingi zinazotoka majumbani Ulaya ni SN au N. Ziweke jikoni Mbagala mwezi Februari: kompresa haipumziki, LUKU inakwisha, na mwaka haupiti imekufa. Friji mpya zinazoletwa kwa soko letu mara nyingi ni T au ST. Tafuta herufi hiyo kabla ya kuangalia ukubwa. Ukiona R600a kwenye bamba, mwambie fundi mapema, maana ni gesi inayowaka na haichomelewi bila kuitoa yote kwenye mabomba.

Kwa mashine za gereji na za useremala, jibu hugeuka. Mashine ya zamani ya Ulaya yenye chuma kizito bado inaishinda mashine mpya ya bei ya chini. Pasi, blenda na feni nunua mpya.

Nikinunua kwa Mchina mwenyewe nitapata oginali?

Uraia wa muuzaji haubadilishi kilicho ndani ya boksi. Isitoshe, agizo la serikali la Julai 2025 limewakataza wasio raia kufanya biashara kadhaa, ikiwemo uuzaji wa rejareja usio wa supamaketi na ufundi simu. Cha kuhofia zaidi Kariakoo ni winga, yaani dalali wa mtaani anayekuongoza: bei unayolipa ina fungu lake, na kesho kifaa kikigoma hana duka la kukupokea. Lipa dukani, kwa aliyekupa risiti.

Nataka kuagiza mwenyewe. Nilindeje ubora?

Usiagize kwa picha. Picha inaonyesha sura, na sura ndiyo kitu pekee ambacho kiwanda hakitabadilisha. Maonyesho ya Guangzhou, yanayofanyika tangu 1957, huja kila Aprili na Oktoba kwa awamu tatu: kwanza umeme na mashine, halafu vyombo vya nyumbani na samani, mwisho nguo na vitu vya watoto. Wengi hukosea awamu wakakuta mabanda ya kitu kingine.

Ukishakubaliana na kiwanda, fanya hivi kwa mpangilio:

1. Lipia sampuli mbili za bidhaa ileile, zifunge, saini wewe na kiwanda juu ya utepe. Moja ibaki kwao, moja uondoke nayo.
2. Andika karatasi ya sifa: uzito kwa gramu, aina ya malighafi, unene wa waya, volti 230 na hezi 50, plagi ya pini tatu za mraba. Kiwanda kisipoambiwa plagi kitaweka ya kwao ya pini bapa, na utanunua maelfu ya adapta.
3. Lipa asilimia 30 ya kuanzia. Asilimia 70 iliyobaki ilipwe baada ya ukaguzi, kabla mzigo haujapakiwa. Ukilipa yote mwanzoni, huna tena la kusema.
4. Kagua mzigo ukiwa umekamilika na angalau asilimia 80 imeshafungwa kwenye maboksi, ukichagua maboksi mwenyewe kutoka chini na katikati ya rundo.

Ukaguzi una hesabu yake inayofahamika duniani, ISO 2859-1. Kwa mzigo wa vipande 1,000, ukaguzi wa kawaida unachukua vipande 80. Kasoro kubwa, kama feni isiyozunguka, zisizidi 5; ikiwa 6, mzigo wote unakataliwa. Kasoro ndogo, kama mkwaruzo, zisizidi 7. Kasoro ya hatari, kama waya ulio wazi, isiwepo hata moja. Andika namba hizi kwenye mkataba wa oda. Kiwanda kinapoziona, kinajua mnunuzi ni wa namna gani, na mara nyingi bei inapanda kidogo palepale. Hilo lisikutishe, hiyo nyongeza ndiyo ubora.

Wafanyabiashara wanaochangia kontena wapime ujazo wa maboksi yao wenyewe kabla ya kuyapeleka ghala la wakala, kwa sababu mzigo wa baharini hutozwa kwa mita ya ujazo, na ubishi wa vipimo hauishi mzigo ukishafika.

Na bidhaa za viwanda vya Wachina vilivyoko hapa nchini?

Vigae ni mfano mzuri. Vilivyokuwa vikitoka Foshan sasa vinatengenezwa Mkuranga na Chalinze, na vimeshusha gharama za ujenzi. Kagua hivi: weka vigae viwili uso kwa uso, kisha vitikise, vikicheza katikati vimepinda na sakafu itakuwa na vidato. Mwaga maji kidogo mgongoni. Yakinywewa haraka hicho ni cha ukutani au cha ndani pakavu, si cha bafuni chini wala barazani. Soma namba ya toleo na rangi kwenye kila boksi, zote zifanane. Nunua ziada ya asilimia 10 siku hiyohiyo, maana mwezi ujao toleo litakuwa jingine na rangi haitalingana.

Nimeuziwa kitu kibovu na dukani wameandika "mali ikishauzwa hairudishwi". Nifanye nini?

Bango halifuti sheria. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumdanganya mlaji kuhusu ubora, asili au sifa za bidhaa, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kifae kwa matumizi yake.

Ushahidi ndio huamua. Dai risiti ya EFD yenye jina na modeli ya kitu, si neno "vifaa" peke yake. Piga picha ya boksi, ya namba ya toleo na ya kasoro. Usimpe fundi wa mtaani akifungue kabla ya kurudi dukani; kikishafunguliwa muuzaji atasema mmekiharibu wenyewe. Rudi mapema, pamoja na boksi na waya wake. Muuzaji akikataa, andika malalamiko kwa FCC kama ni nembo ya kughushi au udanganyifu, kwa TBS kama ni hatari au hakifikii kiwango, kwa TCRA kama ni simu, na uambatanishe nakala ya risiti. Kifaa kilichotoa cheche au moshi usikiwashe tena ili kumwonyesha mtu. Kiweke kwenye mfuko kama kilivyo, pamoja na plagi yake, kwa sababu alama ya kuungua inaonyesha hitilafu ilianzia wapi.